Namna ya Kusoma Orodha ya Bei na ya Mvua: Wapi Hesabu Inapanda, Wapi Inashuka

Ninyi walimaji wa vijiji vya kando ya migodi, baba na mama, maneno haya ni yenu. Mnalima mahindi na mihogo na kalanga. Watu wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kipushi na wa Kolwezi wanakula bukari kila siku, nao wengi hawana shamba. Kwa hiyo kamiyo zinafika mpaka kwenu kutafuta unga. Mwenye kamiyo anajua bei ya juma lililopita na ya mwezi uliopita, kwa sababu ameiandika. Mwenye shamba mara nyingi anajua bei ya leo tu. Hiyo ndiyo sababu anauza mahindi yake wakati mbaya, na miezi michache baadaye ananunua unga kwa bei kubwa ili watoto wake wale.

Kitabu hiki hakikufundishi kulima. Kinakufundisha kazi ndogo ya hesabu: kuandika namba katika orodha na kuona ni tangu wapi mpaka wapi zinapanda, na ni tangu wapi mpaka wapi zinashuka. Anayejua kutoa namba moja katika nyingine anaweza kazi hii. Kama wewe mwenyewe hukusoma, mtoto wako wa darasa la tatu atakusaidia.

Neno moja kwanza, ili tusichanganyikiwe. Hapa tukisema «kupanda» hatusemi habari ya kupanda mbegu. Tunasema kupanda kama mtu anavyopanda kilima. Na kushuka ni kama kuteremka kwenda mtoni.

Orodha inatengenezwa hivi

Chukua kaye, ile ya watoto ya masomo, na upige mstari mmoja toka juu mpaka chini, katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika wakati: siku ya soko, au juma, au mwezi. Upande wa kuume andika kile unachopima: bei ya meka moja ya mahindi, au mvua, au idadi ya magunia yaliyobaki ghalani. Usichanganye vipimo. Ukiandika leo bei ya meka na kesho bei ya gunia, orodha yako ni bure. Tena meka yenyewe iwe ileile: kuna meka za chini yake kugongwagongwa ili ziingize kidogo, na kuna watu wanaojaza kwa kichwa na watu wanaosawazisha kwa kijiti. Wewe chagua namna moja uishike.

Andika kwa utaratibu wa siku. Kama ulisahau soko moja, acha nafasi tupu. Usiijaze kwa kukisia.

Huu hapa mfano. Bei hizi tumezitunga kwa kufundisha tu, si bei za soko fulani. Lakini mwendo wake ni kama ule mnaoujua, maana mahindi yanavunwa mwezi wa 4 na wa 5, na njaa inabisha mlango mwezi wa 1 na wa 2. Ni bei ya meka moja, kwa faranga.

Mwezi wa 4 — 2,000
Mwezi wa 5 — 1,600
Mwezi wa 6 — 1,500
Mwezi wa 7 — 1,500
Mwezi wa 8 — 1,800
Mwezi wa 9 — 2,000
Mwezi wa 10 — 2,300
Mwezi wa 11 — 2,200
Mwezi wa 12 — 2,800
Mwezi wa 1 — 3,300
Mwezi wa 2 — 3,500
Mwezi wa 3 — 2,600

Sasa fanya hivi. Anza na mstari wa pili. Uliza: namba hii imezidi ile ya juu yake, au imepungua, au ni sawasawa? Mwezi wa 5 ni 1,600, na juu yake ni 2,000. Imepungua 400. Andika kando yake: kutoa 400. Mwezi wa 6 imepungua tena 100. Mwezi wa 7 haikupungua wala haikuzidi, andika sifuri. Mwezi wa 8 imezidi 300; andika kuongeza 300. Endelea hivyo mpaka chini. Mstari wa kwanza hauna kitu kando yake, kwa sababu hauna namba juu yake ya kulinganisha nayo. Watu wengi wanaanza kwa kukosea hapo, wanaandika neno kando ya mstari wa kwanza, na baadaye hesabu zote zinasogea mstari mmoja.

Ukimaliza utakuwa na safu ya tatu: kutoa 400, kutoa 100, sifuri, kuongeza 300, kuongeza 200, kuongeza 300, kutoa 100, kuongeza 600, kuongeza 500, kuongeza 200, kutoa 900.

Basi acha sasa kuangalia bei. Angalia safu hii ya tatu peke yake. Mahali alama zinafuatana ni za namna moja, hapo ni kipindi kimoja. Alama ikibadilika, kipindi kimekwisha na kingine kimeanza. Katika mfano wetu tunasoma hivi: bei inashuka tangu mwezi wa 4 mpaka wa 6. Inasimama tangu wa 6 mpaka wa 7. Inapanda tangu wa 7 mpaka wa 10. Inashuka kidogo tangu wa 10 mpaka wa 11. Inapanda kwa nguvu tangu wa 11 mpaka wa 2. Inashuka tangu wa 2 mpaka wa 3, wakati mahindi mabichi yanapoanza kuliwa na watu hawanunui unga kama mbele.

Angalieni kwamba mwezi wa 10 umetajwa mara mbili. Ni mwisho wa kupanda, na ni mwanzo wa kushuka. Si kosa. Mtu akifika juu ya kilima, mahali alipomaliza kupanda ndipo anapoanza kuteremka. Ni mahali pamoja.

Kipindi kinaitwa kwa wakati, si kwa bei

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapotea, hata wale wa shule kubwa. Ukiwauliza: bei inapanda wapi? wanajibu: «Inapanda kutoka 1,500 mpaka 2,300.» Jibu hili halikusaidii. Wewe unataka kujua lini. Unasoma upande wa kuume ili uone kama inapanda, lakini unajibu kwa upande wa kushoto: inapanda tangu mwezi wa 7 mpaka mwezi wa 10.

Sababu yake mtaiona mara moja. Tafuteni bei ya 2,000 katika orodha. Iko mara mbili: mwezi wa 4 na mwezi wa 9. Faranga ni zilezile, meka ni ileile. Lakini mwezi wa 4 bei iko njiani kuteremka, na mwezi wa 9 iko njiani kupanda. Mtu mwenye gunia moja la kuuza akiambiwa «bei ni 2,000» hajaambiwa kitu cha kutosha. Aulize tena: inatoka wapi? Kama inatoka juu, na deni lake haliwezi kungoja, auze leo kuliko juma lijalo. Kama inatoka chini, na ghala lake ni zuri, anaweza kungoja.

Mwenye kamiyo anajua jambo hili sana. Akifika mwezi wa 9 atasema: «Ndugu, ninakupa bei ileile ya mwezi wa 4, sikukudanganya.» Ni kweli hakudanganya. Lakini hakusema yote.

Mvua nayo ina vipindi

Bei inatoka kwa watu, mvua inatoka mawinguni, lakini orodha yake inasomwa vilevile. Hizi ni hesabu za karibu za mvua ya Lubumbashi, wastani wa miaka mingi, kwa milimeta. Tumeanza na mwezi wa 8 kwa sababu mwaka wa mlimaji hauanzi kwa sikukuu ya mwaka mpya. Unaanza wakati anaposhika jembe.

Mwezi wa 8 — 0
Mwezi wa 9 — 3
Mwezi wa 10 — 30
Mwezi wa 11 — 150
Mwezi wa 12 — 270
Mwezi wa 1 — 250
Mwezi wa 2 — 250
Mwezi wa 3 — 210
Mwezi wa 4 — 60
Mwezi wa 5 — 4
Mwezi wa 6 — 0
Mwezi wa 7 — 0

Fanyeni kazi ileile. Mvua inapanda tangu mwezi wa 8 mpaka wa 12. Inapungua kidogo mpaka mwezi wa 1, inasimama mpaka mwezi wa 2. Kisha inashuka tangu mwezi wa 2 mpaka wa 6, na tangu wa 6 mpaka wa 8 inasimama kwenye sifuri, ndiyo kipwa.

Sasa linganisheni mwezi wa 11 na mwezi wa 3. Mwezi wa 11 una 150, mwezi wa 3 una 210. Mgeni akitazama namba tu atasema: mwezi wa 3 una mvua nyingi kuliko wa 11, basi tupande mahindi mwezi wa 3. Na shamba lake litakauka. Mwezi wa 3 ni mwingi, lakini unashuka, na baada yake kuna 60, kisha 4, kisha hakuna. Mwezi wa 11 ni mdogo kuliko huo, lakini unapanda, na nyuma yake kuna 270 na 250 na 250 na 210. Mahindi yanataka miezi kama minne mpaka kukomaa. Yaliyotiwa katikati ya mwezi wa 11 yanakunywa miezi ya mvua yote, halafu yanakauka vema wakati mvua inaondoka. Yaliyotiwa mwisho wa mwezi wa 1 yanakuta mvua inawakimbia wakati mbegu inajaa kwenye kibunzi. Mahindi ya namna hiyo mmeyaona: vibunzi vyenye mapengo kama kinywa cha mzee.

Wazee wetu walijua hayo bila kaye. Ni kweli. Lakini orodha inaonyesha jambo moja ambalo macho hayaonyeshi vizuri: ukubwa wa hatua. Tangu mwezi wa 3 mpaka wa 4 mvua inapungua 150 kwa hatua moja tu. Hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote za mwaka wa kushuka. Anayechelewa majuma matatu katika kutia mbegu hapotezi sehemu ndogo. Anaisukuma mbegu yake ikaanguke katika shimo hilo.

Tena msisahau kwamba hizo ni hesabu za wastani. Mwaka mmoja mmoja una njia yake. Mvua ya mwezi wa 11 inaweza kuanza, kisha ikatoroka majuma mawili. Kwa hiyo mwenye kipimo cha mvua kijijini, kama shule au misioni, aandike mwenyewe.

Kupanda polepole si kushuka

Rudini kwenye orodha ya bei, mwisho wake. Mwezi wa 12 bei iliongezeka 600. Mwezi wa 1 iliongezeka 500. Mwezi wa 2 iliongezeka 200 tu. Je, bei ilishuka? Hapana. Ilipanda kila mara. Kilichopungua ni hatua, si bei. Lakini hatua zikipungua hivyo, 600, 500, 200, ni kama mtu anayekaribia juu ya kilima. Mwenye mahindi ghalani aliyeona 200 mwezi wa 2 angefanya vema kuuza siku hizo, asitamani 4,000. Mwezi wa 3 bei ilianguka 900.

Hii si sheria. Mara nyingine hatua inakuwa ndogo, kisha inakuwa kubwa tena. Katika mfano wetu hatua za 300, 200, 300 zilifuatana bila bei kugeuka. Orodha inasema yaliyopita. Yajayo unayakisia, lakini unakisia kwa akili kuliko mtu asiyeandika.

Kuna na jambo la mwezi wa 11, lile la kutoa 100. Ni kushuka kweli, lazima liandikwe. Lakini msiogope kila kushuka kidogo. Labda siku ya soko kamiyo hazikufika kwa sababu ya matope. Labda unga mwingi ulivuka toka Zambia juma lile. Na kinyume chake: Zambia ikizuia mahindi yake yasivuke mpaka, kama ilivyofanya mara nyingi, bei ya Katanga inaruka hata katika mwezi ambao ungesema itasimama. Andikeni sababu kando ya namba, kwa neno moja: «matope», «mpaka», «sikukuu». Mwaka ujao mtajua kushuka gani kulikuwa kwa majira, na kushuka gani kulikuwa kwa bahati.

Hesabu ya nyumba moja

Tuchukue nyumba moja yenye meka 40 za mahindi zaidi ya chakula chao. Kama wanauza zote mwezi wa 6, kwa 1,500, wanapata faranga 60,000. Mwezi wa 2 chakula kimewaishia, kwa sababu wageni walikuja, au kwa sababu ghala liliingia panya. Wanakwenda kununua kwa zile 60,000. Kwa bei ya 3,500 wanapata meka 17, na zinabaki faranga 500. Walipeleka meka 40 sokoni, wamerudisha 17. Hakuna mwizi aliyewaibia. Ni kipindi tu.

Lakini si haki kusema: basi wekeni yote mpaka mwezi wa 2. Ghala nalo lina orodha yake, na orodha hiyo inashuka tu, haipandi hata siku moja. Wadudu wanakula, panya wanakula, unyevu unaozesha. Tuseme mpaka mwezi wa 10 zimepotea meka 4: zinabaki 36, na kwa 2,300 ni faranga 82,800. Tuseme mpaka mwezi wa 2 zimepotea 8: zinabaki 32, na kwa 3,500 ni faranga 112,000. Kwa bei hizo, hata zikibaki meka 18 tu, zinaleta 63,000, ni zaidi ya zile 60,000 za mwezi wa 6. Lakini nani anataka kulisha wadudu meka 22? Mahindi yasiyokauka vema hayafiki mwezi wa 2. Ponda punje kwa meno: ikivunjika kwa sauti, imekauka, ikibonyea, irudishe juani.

Tena kuna nyumba isiyoweza kungoja. Karo ya shule inadaiwa mwezi wa 9, mgonjwa hangojei bei. Twaona shauri jema kwa wengi ni kugawa: sehemu iuzwe mapema kwa mahitaji ya lazima, sehemu ingoje kipindi cha kupanda, na chakula cha nyumba kisiguswe hata mwenye kamiyo akisema maneno ya asali. Baba na mama wapatane juu ya kaye moja, na mama awe na haki ya kuisoma. Nyumba nyingi zinaharibika kwa sababu mmoja anajua bei na mwingine anajua ghala, nao hawasemezani.

Mistari inayokosekana

Orodha inaweza kusema uongo bila namba hata moja kuwa ya uongo. Tuonyeshe kwa shaba, maana nyinyi mnakaa karibu na shaba na mashamba yenu yanafuata mwendo wake. Mwaka 1930 kampuni ya Union Minière ilitoa katika Katanga tani za shaba karibu 139,000. Mwaka 1937 ilitoa karibu 151,000. Mtu akikupa mistari hiyo miwili peke yake, utasema: shaba ilipanda, kazi iliendelea vizuri. Sasa tazameni mistari yote, kwa maelfu ya tani, hesabu za karibu:

1930 — 139
1931 — 120
1932 — 54
1933 — 67
1934 — 110
1935 — 108
1936 — 96
1937 — 151

Katikati palikuwa na shimo. Shaba ilishuka tangu 1930 mpaka 1932, ikapanda tangu 1932 mpaka 1934, ikashuka tangu 1934 mpaka 1936, ikapanda tena mpaka 1937. Sababu ya shimo la kwanza ilikuwa taabu ya biashara iliyoanza Marekani mwaka 1929 na kuenea duniani: bei ya shaba ilianguka, kampuni ikaondoa wafanyakazi kwa maelfu, nao wakarudi vijijini. Kwa mlimaji maana yake ilikuwa mara mbili: wanunuzi wa unga walipungua, na vinywa vya nyumbani viliongezeka. Yote hayo yamefichwa ukiandika 1930 na 1937 tu.

Baadaye jambo la namna hiyo lilirudi. Union Minière ilikwisha kuwa mali ya serikali mwaka 1967, na kampuni iliyoshika kazi yake, Gécamines, ilitoa tani karibu 476,000 mwaka 1986. Mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka mwezi wa 9 mwaka 1990. Kufika mwaka 1994 Gécamines ilitoa karibu tani 30,000 tu. Wazee wenu wengi wanakumbuka miaka hiyo, namna watu wa mjini walivyotafuta viwanja vya kulima mihogo kando ya barabara na hata nyuma ya nyumba za kampuni.

Basi, kati ya mstari na mstari hatujui. Tukisema «inapanda tangu juma la 2 mpaka la 3» tunasema tu kwamba siku ya pili ya kupima ilikuwa juu kuliko ya kwanza. Katikati labda ilianguka na kupanda tena. Ukitaka kujua zaidi, pima mara nyingi zaidi. Kwa bei, kila soko inatosha.

Kama mistari haiko mbali sawasawa, kuwa na akili katika kulinganisha hatua. Mtu aliandika juma la 1: 2,000, juma la 2: 2,100, kisha aliugua, akaandika tena juma la 6: 2,300. Hatua ya kwanza ni 100, ya pili ni 200. Je, bei ilianza kupanda mbio? Gawanya. Ya kwanza ni 100 kwa juma moja. Ya pili ni 200 kwa majuma manne, ndiyo 50 kwa juma. Kwa hiyo mwendo wa kupanda umepungua nusu, ingawa namba 200 ni kubwa kuliko 100. Mwenye haraka angeshangilia bure.

Jaribuni wenyewe

Hii ni bei ya kopo la kalanga kwa majuma manane, nayo tumeitunga. Fungeni jibu kwa mkono kwanza, mfanye kazi, ndipo msome chini.

Juma la 1 — 900
Juma la 2 — 900
Juma la 3 — 1,000
Juma la 4 — 1,200
Juma la 5 — 1,150
Juma la 6 — 1,150
Juma la 7 — 1,000
Juma la 8 — 1,100

Tofauti zake ni hizi: sifuri, kuongeza 100, kuongeza 200, kutoa 50, sifuri, kutoa 150, kuongeza 100. Kwa hiyo bei inasimama tangu juma la 1 mpaka la 2. Inapanda tangu la 2 mpaka la 4. Inashuka tangu la 4 mpaka la 5. Inasimama tangu la 5 mpaka la 6. Inashuka tangu la 6 mpaka la 7. Inapanda tangu la 7 mpaka la 8. Aliyejibu kwamba inashuka moja kwa moja tangu la 4 mpaka la 7 amesahau sifuri ya juma la 6, arudie. Na aliyesahau kabisa kuandika juma la 7 ataona 1,150 kisha 1,100, atasema bei ingali inashuka juma la 8. Kumbe imekwisha geuka, na mwenye kamiyo aliyeko uani anajua.